Elfenbeinküste: Mfupa, Jino na Pembe katika Jina la Nchi

Utangulizi

Mwezi wa Oktoba mwaka 1985, serikali ya nchi inayopakana na Ghana kwa upande wa magharibi iliyataka mataifa mengine yaiite kwa jina lake la Kifaransa, Côte d'Ivoire, wala yasilitafsiri jina hilo katika lugha yoyote. Sababu inayotajwa mara nyingi ni ya vikao. Katika mikutano ya kimataifa wajumbe hupangwa kwa utaratibu wa alfabeti, na kibao cha nchi hiyo kilikuwa kikihama kwa kutegemea lugha ya mkutano: kwa Kifaransa kilikaa kwenye C, kwa Kiingereza kikahamia I. Kijerumani nacho kingekipeleka kwenye E, kwa kuwa Wajerumani huiita nchi hiyo Elfenbeinküste.

Katika maandishi ya kiserikali Wajerumani walilikubali ombi hilo, na Wizara yao ya Mambo ya Nchi za Nje huandika Côte d'Ivoire. Hata hivyo, magazetini na katika mazungumzo ya kila siku, jina Elfenbeinküste halikuondoka. Basi kuna majina mawili ya nchi moja katika lugha moja, moja la itifaki na moja la matumizi, na kila moja lina watetezi wake.

Makala haya yanakusudia kulichunguza hilo jina la Kijerumani: sehemu zake, asili zake, na njia lililopitia hadi likawa jina la dola. Baada ya hapo yatapimwa madai ya kilugha yanayotolewa kuunga mkono katazo la tafsiri. Haki ya dola kujichagulia jina haibishaniwi hapa. Linalobishaniwa ni dai kwamba jina lisilotafsiriwa ndilo jina halisi, na kwamba tafsiri ni upotoshaji wake. Itaonyeshwa kwamba jina hili tangu mwanzo liliishi kwa tafsiri, na kwamba tafsiri ndiyo inayodhihirisha jambo ambalo umbo lisilotafsiriwa hulifunika, yaani kuwa nchi hii ilipewa jina na wanunuzi wake.

Mfupa

Neno Elfenbeinküste lina sehemu tatu: Elfen, bein na Küste. Mjerumani wa leo asiyesomea historia ya lugha yake huzisikia sehemu mbili za kwanza kwa namna ya ajabu kidogo. Elfen kwake ni wingi wa Elfe, viumbe wadogo wa ngano wakaao misituni, wanaokaribiana na majini wa hadithi za pwani ya Afrika Mashariki. Bein ni mguu. Kwa hiyo pembe ya ndovu, kwa sikio lake, ni "mguu wa majini", na watoto wa Kijerumani huelekea kuifasiri hivyo kabla ya kusahihishwa.

Hii ni etimolojia ya mtaani, yaani maelezo ya asili ya neno yanayotolewa kwa kuusikiliza mlio wake tu. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kwenda mbali kupata mfano wa namna hiyo. Jina la Bagamoyo huelezwa kwa maneno yale yale mawili, "bwaga" na "moyo", lakini msimulizi mmoja hupata humo faraja ya mpagazi aliyefika mwisho wa safari, na mwingine hupata kukata tamaa kwa mtumwa anayekaribia kuvushwa bahari. Mlio ni mmoja na hadithi ni mbili zinazopingana. Hilo latosha kuonyesha kwamba mlio peke yake si ushahidi.

Kwa upande wa Elfenbein ushahidi upo, tena ni wa tarehe. Neno Elfe liliingia katika Kijerumani kutoka Kiingereza katika karne ya 18, kwa njia ya tafsiri za fasihi ya Kiingereza. Neno la pembe ni la zamani zaidi kwa karne nyingi, kwani katika Kijerumani cha Juu cha Kale huonekana kwa umbo helfantbein. Haiwezekani neno lililokwisha kutumika katika Zama za Kati liwe limeundwa kwa mgeni aliyefika karne ya 18. Kufanana kwa Elfen hizi mbili ni sadfa.

Katika helfantbein sehemu zote zi wazi. Helfant ni ndovu, neno lililotoka katika Kilatini elephantus, nalo Kilatini kililipata kwa Wayunani. Bein ni mfupa. Maana hiyo ya kale ya bein imebaki katika maneno kama Schlüsselbein, mfupa wa mtulinga, na Gebeine, mifupa ya marehemu. Baadaye neno jingine, Knochen, lilishika nafasi ya mfupa, na Bein likasogea likawa mguu. Wakati huo huo helfant ndani ya neno ambatano lilipunguka: katika Kijerumani cha Juu cha Kati lilikuwa helfenbein, kisha h ya mwanzo ikadondoka. Nje ya neno ambatano, jina la mnyama lilirudishwa karibu na Kilatini likawa Elefant. Ndugu wawili wakaachana njia, na ndovu aliyemo ndani ya Elfenbein hatambulikani tena na wenye lugha.

Lipo jambo jingine katika historia hii ambalo lafaa kuzingatiwa. Katika Kiyunani cha Homer, elephas si mnyama bali ni pembe. Mnyama mwenyewe anaitwa hivyo katika maandishi ya baadaye, kwa mfano ya Herodotus. Maana yake ni kwamba bidhaa ilifika mbele na mnyama akafuata. Wagothi nao, jamaa wa kale wa Wajerumani, wana neno ulbandus, ambalo wataalamu wengi hulihusisha na hilo hilo la Kiyunani. Lakini katika tafsiri ya Biblia ya Wulfila ya karne ya 4, ulbandus ni ngamia. Watu waliolisikia jina la mnyama mkubwa wa mbali walimpa mnyama mkubwa mwingine wa mbali. Kaskazini mwa Bahari ya Kati, basi, ndovu alikuwa kwanza kitu kinachochongwa na kuuzwa, kisha uvumi, na mwisho kiumbe hai.

Ubavu

Sehemu ya tatu, Küste, yaani pwani, haina fumbo kama hilo, lakini ina funzo lake. Si neno la asili ya Kijerumani. Lilitoka kwa mabaharia wa Kiholanzi na wa Kijerumani cha Chini, nao walilipata katika Kifaransa cha kale, coste, ambalo ni Kilatini costa. Maana ya costa ni ubavu. Kifaransa cha leo kingali kikitumia côte kwa maana zote mbili, ubavu wa mtu na pwani ya nchi.

Kwa hiyo Küste na Côte ni neno moja lililovaa mavazi mawili. Anayesema kwamba Elfenbeinküste ni jina la kigeni lililochukua mahali pa Côte d'Ivoire amesahau kwamba nusu ya jina hilo la Kijerumani imetoka katika Kifaransa. Tofauti iliyobaki ni ya nusu nyingine tu, na hiyo nayo, kama itakavyoonekana, ni ndogo kuliko inavyodhaniwa.

Kiswahili kina mtazamo wake. Pwani ni kitenzi "kupwa" kilichotiwa kiambishi cha mahali "-ni": pale maji yanapokupwa. Ni neno la mtu aliyesimama nchi kavu akiyatazama maji yakiondoka na kurudi. Costa ni umbo la nchi, ubavu wake, na neno hilo lilipotumiwa na mabaharia wa Ghuba ya Guinea lilikuwa neno la mtu aliye chomboni, aupitaye ubavu huo akitafuta mahali pa kutia nanga. Tofauti hii yafaa kukumbukwa, maana jina linalochunguzwa hapa ni jina la chomboni.

Orodha ya shehena

Wafanyabiashara wa Ulaya waliigawa pwani ya Ghuba ya Guinea kwa bidhaa walizozitafuta humo. Katika ramani za Kijerumani, kutoka magharibi kwenda mashariki, zilifuatana Pfefferküste, pwani ya pilipili, ambayo ni Liberia ya leo, Elfenbeinküste, Goldküste, pwani ya dhahabu, ambayo ni Ghana, na Sklavenküste, pwani ya watumwa, iliyoenea Togo, Benin na magharibi mwa Nigeria. Pilipili, pembe, dhahabu, watumwa: majina haya yakisomwa pamoja ni hati ya shehena. Mwanadamu ametajwa humo kama bidhaa ya nne, bila kubadilishiwa sarufi.

Wareno walisema Costa do Marfim. Wafaransa walisema Côte d'Ivoire, lakini pia Côte des Dents, pwani ya meno. Waholanzi walipendelea jino. Willem Bosman, aliyekuwa mtumishi wa kampuni yao ya biashara, alichapisha mwaka 1704 kitabu ambacho katika anwani yake huzitaja pwani za Guinea kuwa ni za dhahabu, za jino na za watumwa. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka mwaka 1705, na katika anwani yake jino la Kiholanzi limegeuka pembe. Hakuna aliyelalamika kwamba jina limepotoshwa. Kwa watu hao jino na pembe vilikuwa kitu kimoja kwenye mizani moja.

Wajerumani wenyewe hawakuwa wasikilizaji wa mbali tu. Mwaka 1683 watu wa Brandenburg walijenga ngome yao, Großfriedrichsburg, kwenye pwani ya dhahabu, na waliishikilia hadi haki zao zilipouzwa kwa Waholanzi katika muongo wa pili wa karne ya 18. Jina la pwani ya jirani lilikuwa kwao neno la kazi.

Marfim ya Wareno nayo ina asili inayostahili kutajwa. Maelezo yanayokubaliwa na wengi huirudisha kwenye Kiarabu cha Andalusia, azm al-fil, yaani mfupa wa ndovu. Wengine huanza na nab al-fil, jino la ndovu. Msomaji anayeijua Surat al-Fil atalitambua neno hilo la pili mara moja. Ikiwa maelezo ya kwanza ndiyo sahihi, Mwarabu na Mjerumani, bila kuambizana, walikitazama kitu kile kile wakaona mfupa. Mholanzi aliona jino. Mswahili aliona pembe, akakiweka pamoja na pembe za ng'ombe na za mbuzi. Kwa elimu ya wanyama Mholanzi ndiye aliyepata, maana pembe ya ndovu ni jino la mbele la taya la juu lililorefuka. Lakini lugha haziundi majina kwa kufuata elimu ya wanyama. Kila moja ilichagua sura moja ya kitu, na hakuna sura iliyo ya asili kuliko nyingine.

Pembe

Linabaki neno ivoire lenyewe, ambalo katazo la mwaka 1985 limelifanya lisiguswe. Limetoka katika kivumishi cha Kilatini eboreus, kilichonyambuliwa kutoka ebur, pembe. Na ebur, kwa maoni ya wataalamu wengi, si la asili ya Kilatini: huhusishwa na neno la Kimisri cha kale, abu, lenye maana ya ndovu na pia ya pembe yake. Ikiwa ni hivyo, neno hilo liliondoka Afrika pamoja na bidhaa, likapita Roma na Ufaransa, likarudi Afrika kupachikwa kwenye pwani ambayo haikupata kulijua.

Historia ya neno hilo la Kimisri ina mfano mmoja unaogusa moja kwa moja suala la tafsiri. Katika Mto Nile, mkabala na Aswan, kuna kisiwa ambacho Wamisri wa kale walikiita Abu. Wayunani walipofika hawakuukopa mlio. Waliitafsiri maana, wakakiita Elephantine, na kwa jina hilo kingali kinajulikana. Kama wangekopa mlio tu, msomaji asiyejua Kimisri asingepata habari yoyote kuhusu sababu ya jina. Kwa kuwa walitafsiri, maana ilivuka kutoka lugha iliyokufa hadi lugha zilizo hai. Hapa tafsiri ilikuwa hifadhi ya maana.

Madai dhidi ya tafsiri

Sasa yaweza kupimwa madai matatu yanayotolewa kulitetea katazo.

La kwanza ni kwamba Côte d'Ivoire ndilo jina halisi, na mengine ni nakala. Historia iliyokwisha kuelezwa haiungi mkono dai hili. Jina hili lilikuwapo kwa Kireno, Kifaransa, Kiholanzi, Kiingereza na Kijerumani kwa karne kadhaa kabla halijawa jina la nchi. Umbo la Kifaransa lilishinda kwa sababu Wafaransa ndio waliotangaza koloni mwezi wa Machi mwaka 1893, na likarithiwa siku ya uhuru, tarehe 7 Agosti 1960. Katika nchi hiyo zinasemwa lugha zipatazo 60, za makundi ya Kwa, Kru, Mande na Gur. Hakuna hata moja kati yake iliyolizaa jina hilo. Tofauti na majirani ni kubwa. Pwani ya dhahabu ilijiita Ghana mwaka 1957. Dahomey ilijiita Benin mwaka 1975. Na mwaka 1984, mwaka mmoja tu kabla ya katazo linalojadiliwa, Volta ya Juu ilijiita Burkina Faso kwa kuunganisha neno la Kimoore na neno la Kijula. Jina la namna hiyo likiombewa lisitafsiriwe, ombi lina mantiki ya ndani, maana linalinda lugha za wenyeji. Katazo la mwaka 1985 lililinda Kifaransa.

La pili ni kwamba jina la pekee halina maana bali lina mrejeo tu, na kwa hiyo hakuna cha kutafsiriwa. Kwa majina kama Dakar au Nairobi, yakitumiwa na mgeni, dai hili lina nguvu. Lakini majina ya nchi hayako hivyo yote. Afrika Kusini hulitafsiri jina lake yenyewe katika lugha zake rasmi. Mzulu, Mxhosa na Kaburu kila mmoja analo la kwake, wala dola haijagawanyika kwa sababu hiyo. Kiswahili husema Afrika Kusini na Jamhuri ya Afrika ya Kati, na hakuna aliyekituhumu kwa upotoshaji. Jina lililoundwa kwa maneno ya kawaida hubaki na maana maadamu maneno hayo yangali hai.

La tatu, na ndilo zito kuliko yote, ni kwamba tafsiri huwakumbusha wenye nchi fedheha ya kuitwa kwa jina la bidhaa, na kwamba mlio usio na maana kwa mgeni ni stara. Dai hili linastahili heshima, na kwa watu binafsi huenda likatosha. Lakini kwa lugha, jina lililofunikwa maana halibaki tupu. Hujazwa maana nyingine. Nchini Côte d'Ivoire kwenyewe, katika miaka ya 1990 wakati wa urais wa Henri Konan Bédié, neno ivoirité, lililonyambuliwa kutoka jina hilo hilo, lilifanywa kipimo cha kuamua nani ni mwananchi wa kweli na nani ni mgeni. Watu waliokuwa wamezaliwa humo walitiliwa shaka uraia wao, wanasiasa walizuiwa kugombea, na mgogoro huo ukawa miongoni mwa mambo yaliyotangulia vita vilivyozuka mwaka 2002. Neno lililoanzia kwenye mizani ya mchuuzi liligeuzwa mizani ya utu.

Yafaa neno hilo lijaribiwe kwa tafsiri. Kwa Kiswahili ni "upembe". Msikilizaji akiambiwa kwamba jirani yake hana upembe wa kutosha, atauliza mara moja pembe imeingiaje katika uraia, na ni nani aliyeipeleka huko. Katika umbo la Kifaransa swali hilo halizuki kwa urahisi, kwa sababu neno limezoeleka. Kazi ya tafsiri ni hiyo ya kurudisha swali.

Kijerumani nacho kinaonyesha matokeo ya katazo kwa namna ya kisarufi. Elfenbeinküste, kwa kuwa ni nomino ya kawaida iliyofanywa jina, huhitaji kibainishi cha jinsi ya kike, die, ilhali majina mengi ya nchi katika lugha hiyo hayakihitaji. Tena halinyambui kwa urahisi jina la wenyeji. Pengo hilo limejazwa kwa mzizi wa Kifaransa: mwenyeji ni Ivorer, na kivumishi ni ivorisch. Msemaji husema basi kwamba Ivorer hutoka Elfenbeinküste, na asiyejua Kifaransa haoni uhusiano wowote kati ya mtu na nchi yake. Nchi ina jina la mfupa, watu wana jina la mlio. Jitihada ya kuondoa tafsiri haikuiondoa. Ilizalisha jina lililokatika vipande viwili.

Haitakuwa haki, hata hivyo, kulipamba jina la Kijerumani kupita kadiri. Ni kweli kwamba lenyewe ni tafsiri, lakini ni tafsiri iliyozimika. Anayesikia miguu ya majini humo haoni ndovu, haoni meli, haoni mizani. Kijerumani kilikuwa na maana mkononi kikaipoteza kwa mabadiliko ya sauti, kama ambavyo katazo lilivyokusudia kuipoteza kwa barua ya serikali. Ndiyo maana etimolojia ya jina hili si mchezo wa wasomi. Kwa Mjerumani, ndiyo njia pekee iliyobaki ya kujua anachokisema.

Upande wa Kiswahili

Suala hili halikuachi Kiswahili pembeni. Katika maandishi ya Kiswahili hupatikana maumbo manne ya jina la nchi hii: Côte d'Ivoire, Kodivaa, Ivory Coast na Pwani ya Pembe.

Ivory Coast ndilo umbo dhaifu kuliko yote, ingawa hutumika sana magazetini na redioni. Si jina ambalo nchi yenyewe imelichagua, wala si Kiswahili. Ni tafsiri ya Kiingereza iliyopachikwa katika sentensi ya Kiswahili, hivyo mwandishi hupoteza heshima ya itifaki na kupoteza maana kwa wakati mmoja.

Kodivaa lina sifa mbili. Ni umbo la Kifaransa lililotoholewa kwa kanuni za sauti za Kiswahili, kwa hiyo haliendi kinyume cha ombi la mwaka 1985, kwani kutohoa si kutafsiri. Aidha linaingia katika ngeli bila taabu: Mkodivaa, Wakodivaa. Pengo lililokisumbua Kijerumani halipo hapa. Kwa habari, mikataba na ramani, umbo hili latosha.

Pwani ya Pembe lina kasoro zake. Halizai jina la watu, maana "Wapwani wa Pembe" lingewafanya wakazi wote wa nchi kuwa watu wa ufuoni, ilhali sehemu kubwa ya nchi iko bara, na mji mkuu tangu mwaka 1983, Yamoussoukro, uko mbali na bahari. Lakini kasoro hiyo ni ya jina lenyewe katika kila lugha. Kiswahili huiona tu kwa sababu kimeitafsiri. Katika darasa la historia na la isimu, umbo hili halipaswi kuachwa.

Tena Kiswahili kina sababu ya pekee ya kutoliacha. Lugha chache zimeibeba pembe kama hii ilivyoibeba. Hamed bin Muhammed, aliyejulikana kama Tippu Tip na kufariki mwaka 1905, aliyaandika maisha yake kwa Kiswahili, na pembe ndizo zinazomwongoza kutoka safari moja hadi nyingine. Maandishi hayo yalichapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903 pamoja na tafsiri ya Kijerumani ya Heinrich Brode. Lakini pembe katika Kiswahili si bidhaa tu. Siwa ya Pate imechongwa kwa pembe, na ilipopulizwa ilitangaza heshima na mamlaka, si bei. Neno moja limebeba soko na enzi pamoja. Msomaji wa lugha hii akisoma Pwani ya Pembe anaweza kuuliza ni pembe ipi iliyokusudiwa, ya siwa au ya mizani. Historia ya jina inajibu kwamba ni ya mizani.

Hitimisho

Uchunguzi wa Elfenbeinküste umeonyesha mambo matatu. Kwanza, majini hawamo katika jina hili; wamo ndovu, mfupa na ubavu, na neno Küste ni neno lile lile la Kifaransa lililopitia bandari za kaskazini. Pili, jina halikuwa na umbo moja la asili ambalo tafsiri zingeweza kulisaliti. Lilikuwa tangu mwanzo neno la wafanyabiashara wa lugha mbalimbali waliokubaliana juu ya bidhaa hata walipotofautiana kama ni mfupa, jino au pembe. Tatu, kuacha kutafsiri hakuondoi asili hiyo. Kunaificha tu, na kilichofichwa kinaweza kutumiwa vibaya na wenye nchi wenyewe.

Nchi kadhaa zimefuata njia kama ya mwaka 1985. Cabo Verde iliomba hivyo hivyo mwaka 2013, na nayo ni jina la kibaharia la Kireno lenye maana ya rasi ya kijani. Wanaotunga istilahi za Kiswahili wataendelea kukutana na maombi ya aina hii. Inafaa wayatii katika maandishi ya itifaki, kwa njia ya utohozi, na wakati huo huo waihifadhi tafsiri katika kamusi na vitabu vya shule, pamoja na asili yake. Ndovu wa Côte d'Ivoire, ambao wangali nembo ya taifa na jina la timu yake ya mpira, wamebaki wachache sana msituni. Jina ni miongoni mwa kumbukumbu za namna walivyopungua, na kumbukumbu hiyo husomeka pale tu jina linapoeleweka.